Ukilipa Kanjo kwa Simu, Pesa Yako Inaenda Wapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, sokoni. Malori ya mboga yameshashusha mzigo, wabebaji wanapiga kelele "pisha, pisha!", na mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu anatuonyesha simu yake. Sisi tulikuwa tumeenda kuongea na wafanyabiashara kuhusu malipo ya simu. Yeye alikuwa na swali lake tayari.

"Hebu niangalilieni hii," akatuambia. "Mimi nimelipa kanjo kila siku. Mbona naambiwa nina deni?"

Tukaangalia. Kwa wiki tano alikuwa ametuma shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ukipiga hesabu, hiyo ni shilingi 1,500. Shida ni kwamba pesa zote zilienda kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Kijana fulani mwenye jaketi ya kung'aa na kitambulisho shingoni alikuwa amemwambia, "Mama, mfumo uko chini leo, tuma kwa hii nambari nitakulipia." Kesho yake mfumo ukawa bado uko chini. Na kesho kutwa pia. Wakaguzi wa kweli walipofika, kibanda chake hakikuwa na malipo hata moja. Akaambiwa afunge hadi alipe. Siku mbili nyanya zililainika chini ya turubai.

Kisha akauliza swali la pili, na hili lilitunyamazisha kidogo. "Na hawa wenzangu waliolipa vizuri? Choo chetu kimefungwa mwezi wa pili sasa. Taa ya pale kona haiwaki. Hizo pesa zao zinafanya kazi gani?"

Hatutataja soko wala mji, kwa sababu hadithi hii inaweza kutokea kaunti yoyote. Lakini maswali yake mawili yanastahili majibu. La kwanza ni kuhusu kulipa pahali sawa. La pili ni kuhusu kinachofanyika ukishalipa. Wengi wetu tumejifunza la kwanza kwa uchungu, na la pili hatujawahi kufundishwa. Tutatumia Nairobi kama mfano, kwa kuwa ndiyo kaunti yenye huduma nyingi za jiji, ila sheria tutakazozitaja ni za kaunti zote 47.

Kanjo wa siku hizi ni nani?

Nairobi ilipata hadhi ya jiji mwaka 1950. Kwa miaka mingi iliendeshwa na baraza la jiji lenye meya na madiwani, isipokuwa kati ya 1983 na 1992 ambapo serikali iliweka tume badala yake. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, baraza likaisha na Kaunti ya Jiji la Nairobi ikachukua kazi zake. Ina gavana, bunge la kaunti, kaunti ndogo 17 na wadi 85. Makao makuu bado yako City Hall, na sisi raia bado tunasema "kanjo". Mazoea yana taabu.

Lakini si jina tu lililobadilika. Katiba inasema hakuna kodi au ada ya leseni inayoweza kutozwa bila sheria. Yaani kile unacholipia maegesho, kibanda au kibali cha biashara lazima kiwe kimeandikwa kwenye sheria ya fedha iliyopitishwa na bunge la kaunti. Na bunge hilo lina wajibu wa kuwashirikisha wananchi kabla ya kupitisha. Ukiitishwa ada, una haki ya kuuliza, "Hii imeandikwa wapi?"

Nani anashughulikia nini?

Hapa ndipo watu hupoteza wakati mwingi. Unaenda ofisi ya kaunti kulalamikia barabara, unaambiwa si yao. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Kwa mwananchi wa Nairobi, mambo yako hivi:

Usafi, masoko na vyoo vya umma: kaunti. Kuzoa taka pia ni kazi ya kaunti. Taka nyingi za Nairobi huishia dampo la Dandora, lililoanza miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Bado malori yanaingia.

Taa za barabarani na maegesho: kaunti. Stima ya nyumbani kwako ni Kenya Power. Kwa hivyo taa ya mtaa ikizimika, anza na kaunti.

Barabara: inategemea. Thika Road na Mombasa Road ziko chini ya KeNHA. Baadhi ya barabara kubwa za mjini ziko chini ya KURA. Zile za kaunti, zikiwemo nyingi za ndani ya mitaa, ni za gavana.

Maji na maji taka: Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, ambayo ni mali ya kaunti lakini ina akaunti na bili zake. Maji mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Ukilipa bili ya maji, hiyo si pesa ya leseni wala ya soko.

Hospitali: Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni za kaunti. Kenyatta National ni ya serikali ya kitaifa.

Shule: chekechea ni kaunti. Msingi na sekondari ni serikali ya kitaifa.

Dharura: zima moto ni kaunti, polisi ni serikali ya kitaifa.

Nyumba za kupanga za kaunti, kama zile za Jericho, Maringo na Kaloleni: kodi ya nyumba huenda kwa kaunti.

Piga picha ya orodha hii au uihifadhi. Itakuokolea nauli.

Safari ya shilingi yako

Sasa tuje kwa lile swali la choo. Wengi wetu hufikiri kwamba ushuru wa soko hubaki sokoni: wewe unalipa, kaunti inanunua sabuni na balbu, maisha yanaendelea. Sivyo.

Katiba, kifungu cha 207, inasema pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziruhusu kukaa kando. Akaunti ya mfuko huo iko Benki Kuu ya Kenya. Humo ndani shilingi yako inakutana na ada za maegesho, vibali vya biashara, mabango ya matangazo, vibali vya ujenzi, kodi za ardhi, na mgao unaotoka serikali ya kitaifa. Zikishaingia, zote ni chungu kimoja.

Ili zitoke, lazima kwanza bunge la kaunti lipitishe bajeti. Halafu Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru iliyoundwa na Katiba, aidhinishe pesa kutolewa. Kama ukarabati wa choo cha soko lenu haukuwekwa kwenye bajeti, hata wafanyabiashara wote walipe kila siku bila kukosa, choo kitabaki na kufuli.

Hospitali zina njia yao tofauti. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, vituo vya umma vinaruhusiwa kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia papo hapo. Masoko hayajapata sheria kama hiyo.

Kwa hivyo kulipa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha hitaji lenu limeingia kwenye bajeti. Tutarudi hapo, lakini kwanza tulinde hiyo nusu ya kwanza.

Kabla ya kuweka PIN

Kaunti ya Nairobi ilianza kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki mwaka 2014. Faida ni kwamba kila muamala unaacha alama. Hasara ni kwamba matapeli nao wamejifunza kutumia simu. Fanya hivi kila mara:

1. Usilipe huduma ya serikali kwa nambari ya mtu. Hakuna sababu nzuri. "Mfumo uko chini" si sababu. Kama mfumo uko chini kweli, subiri, au nenda ofisini uulize, na uandike jina la aliyekuhudumia.

2. Toa nambari ya Paybill kwenye chanzo rasmi. Angalia tovuti ya kaunti, bili yenyewe au bango la ofisi. Usichukue nambari kutoka kwa kikaratasi ulichopewa njiani au ujumbe uliosambazwa kwenye grupu ya WhatsApp.

3. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Sekunde tatu tu. Ukiona jina la mtu badala ya jina la taasisi, simama hapo hapo. Ghairi.

4. Nambari ya akaunti ni muhimu kama pesa yenyewe. Ukilipia maegesho, huwa ni nambari ya gari. Ukilipia bili, huwa ni nambari ya bili. Ukikosea herufi moja, pesa inaweza kufika kaunti lakini ikalipia gari la mtu mwingine, na wewe ukakuta gurudumu limefungwa mnyororo.

5. Weka vitu viwili, si kimoja. Ujumbe wetu wa SMS unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako. Risiti ya kaunti inathibitisha kwamba deni lako limefutwa. Ukiwa na SMS bila risiti, safari haijaisha. Fuatilia siku hiyo hiyo.

6. Umekosea? Ripoti mara moja. Kila dakika ina maana. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni vigumu sana.

Na jambo moja zaidi: hakuna mfanyakazi wetu, wala wa kaunti, anayehitaji PIN yako ili "kurekebisha" malipo. Hata akiongea kwa upole namna gani.

Risiti yako ina kazi nyingine

Turudi kwa ile nusu ya pili. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini ukingoja Julai kuulizia choo, umechelewa. Ratiba inaanza mapema:

Kufikia Septemba 1, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwenye bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, hupeleka karatasi ya mikakati ya fedha, ile inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Katikati ya hizo tarehe kunakuwa na vikao vya kusikiliza wananchi, mara nyingi kwa wadi au kaunti ndogo. Muulize mwakilishi wadi wako, au chifu, kikao ni lini na wapi. Matangazo pia hutoka kwenye magazeti na tovuti ya kaunti.

Ukienda kikaoni ukisema "soko letu ni chafu", utapigiwa makofi na kusahaulika. Ukienda na wenzako na mseme, "Sisi wafanyabiashara wa soko hili tumelipa kiasi hiki miezi mitatu iliyopita, risiti ni hizi, tunaomba choo kiingie kwenye bajeti," hiyo ni hoja ambayo mtu lazima aiandike. Kwenye simu unaweza kuomba taarifa ya miamala yako. Itakuonyesha kila malipo na tarehe yake. Kumi mkijumlisha zenu, mna ushahidi.

Na kama unataka kujua soko lenu lilitengewa nini mwaka huu, andika barua ya kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Barua iwe fupi, iwe na tarehe, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Huhitaji wakili.

Mama wa nyanya je?

Pesa zake zile 1,500 hazikurudi. Zilikuwa zimetolewa kitambo, kidogo kidogo. Tulimsaidia kuripoti ile nambari, naye akapiga ripoti polisi. Deni lake alilipa kwa Paybill, mbele yetu, akisoma jina kwa sauti kabla ya kuweka PIN. "Sasa hii ndiyo kanjo," akasema, akafungua kibanda.

Wiki iliyofuata alitupigia simu. Alikuwa amekusanya majirani zake, kila mmoja na taarifa ya simu yake, wakaandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu choo na taa. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Choo bado kina kufuli tunapoandika haya. Lakini anahesabu siku zake 21, na tarehe ya kikao cha bajeti ameiandika kwa kalamu kwenye ubao wa kibanda, juu ya bei ya vitunguu.

Wewe nawe, leo jioni, fungua simu yako uangalie malipo ya mwisho uliyofanya kwa kaunti. Jina lililotokea ni la nani? Risiti iko wapi? Kama majibu yako sawa, vizuri sana. Kama kuna kitu hukielewi, tupigie huduma kwa wateja au pita kwa ajenti wetu aliye karibu nawe kabla hujalipa tena.