Kumuuliza Mbu Umri Wake

Katika vijiji vya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mbu wanaojaa zaidi kwenye mitego yetu ni Anopheles arabiensis. Lakini utafiti uliofanywa bondeni humo ulibaini kuwa zaidi ya maambukizi manne kati ya kila matano ya malaria huletwa na mbu mwingine, Anopheles funestus, ambaye idadi yake ni ndogo zaidi. Kwangu mimi, kijana ninayeanza kazi ya utafiti wa wadudu, jambo hilo lilinifundisha mapema kwamba kuhesabu mbu hakutoshi. Sharti umjue ni nani, na ameishi muda gani.

Umri ndio kiini cha yote. Mbu jike aliyenyonya damu ya mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukua kwenye ukuta wa tumbo lake, kuongezeka, kisha kuhamia kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla siku hizo hazijatimia. Wale wachache wanaojaliwa uzee ndio wanaotuulia watoto. Kwa hiyo chandarua chenye dawa hakimlindi tu aliyelala ndani yake: mbu anayekigusa akafa mapema hatafika nyumba ya jirani akiwa na vimelea mdomoni.

Umri huo tunausoma hivi. Alfajiri tunapita nyumba kwa nyumba kuchukua mitego ya taa iliyotundikwa kando ya vitanda. Tunawaamkia wazee, tunajibu maswali yao (wengi hutaka kujua mbu hao tunawapeleka wapi, na wana haki ya kujua), kisha tunarudi maabara. Mbu huwekwa kwenye tone la maji juu ya kioo, ncha ya tumbo lake huvutwa taratibu kwa sindano, na vifuko vya mayai hutokeza. Chini ya hadubini, vifuko vya mbu ambaye hajawahi kutaga vina mirija midogo ya hewa iliyojiviringa kama kidonge cha uzi. Mayai yakishakua, mirija hiyo hunyooka na haijiviringi tena, hivyo tunajua kuwa mbu huyo ameishi muda wa kutosha kukuza mayai. Ni kazi ya kuumiza macho na shingo, nami naipenda mno. Mwili mdogo kiasi hicho umetunza kumbukumbu ya uzazi wake.

Watu hudhani anayesoma wadudu huwachukia. Siwachukii. Mbu dume hanyonyi damu kabisa, hunywa maji matamu ya maua. Visubi, jamaa wa wale wanaotuuma, ndio wachavushaji wakuu wa ua la mkakao. Bila wao wakulima wa Kyela wasingekuwa na kakao ya kuuza. Adui yetu ni spishi chache tu, na ndiyo sababu ya kuzitambua kwa uangalifu.

Adui hao wamebadilika. Tunapima usugu kwa kuwaweka mbu kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa moja, kisha tunahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, tunasema ni sugu. Anopheles funestus wa Kilombero wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa iliyotumika miaka mingi kwenye vyandarua, kwa sababu vimeng'enya vya miili yao huivunja kabla haijawadhuru.

Majibu ya vipimo hivyo ndiyo yanayosaidia kuamua chandarua kipi kinafaa. Huko Muleba, Kagera, vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo, viliwakinga watoto zaidi kuliko vile vya kawaida. Baadaye Misungwi, Mwanza, vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klorofenapiri vilifanya vizuri zaidi kuliko vya kawaida kwa miaka miwili, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Klorofenapiri huvuruga namna seli za mbu zinavyotengeneza nguvu. Huua polepole, hivyo kuipima tunatumia chupa, na mbu tunawafuatilia hadi saa 72.

Mbu waliozoea dawa moja wanaweza kuizoea na nyingine. Upimaji huu unapaswa kurudiwa kila msimu, wilaya kwa wilaya, hata mradi uliouanzisha unapokuwa umekwisha na vijana walioufanya wakiwa wanatafuta mkataba mwingine.