Utafutaji wa sheria za kigeni na za kimataifa mtandaoni

Utafutaji wa sheria za kigeni na za kimataifa mtandaoni ni kazi ya kupata sheria, hukumu na mikataba ya nchi nyingine au ya jumuiya za kimataifa kwa njia ya intaneti. Makala hii inaieleza kazi hiyo jinsi inavyofanyika nchini Tanzania, hasa kwa mtu aishiye mbali na maktaba kubwa za sheria. Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mfano mzuri. Mahali hapo panajulikana kwa seminari yake na kwa kazi ya uchapaji wa vitabu vya Kiswahili, lakini kutoka hapo hadi rafu za ripoti za kesi za Dar es Salaam ni safari ya reli ya zaidi ya km 800. Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya anatakiwa kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku hizo hazisubiri mtu apate nauli.

Kwa nini sheria za kigeni

Wengi hudhani kwamba kesi ya Tabora huamuliwa kwa sheria zilizotungwa na Bunge la Tanzania peke yake. Sivyo. Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaagiza mahakama kutumia pia sheria ya mazoea ya Uingereza, kanuni za usawa, na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria ya nchi haikusema kitu na kwa kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Tarehe hiyo ina uzito mkubwa. Tovuti ya serikali ya Uingereza, legislation.gov.uk, kwa kawaida huonyesha sheria jinsi ilivyo leo, pamoja na marekebisho yake yote. Mtafutaji wa Tanzania anahitaji maneno ya sheria kama yalivyokuwa mwaka 1920. Marekebisho ya baadaye ya Bunge la London hayamhusu.

Mlango wa pili ni Uhindi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilifuata kwa karibu ile ya Uhindi ya mwaka 1872, na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 vilevile ina asili katika sheria ya Uhindi ya mwaka huohuo wa 1872. Kwa hiyo hukumu za India kuhusu vifungu vinavyofanana husaidia kushawishi mahakama zetu, ingawa hazizifungi. Hukumu hizo hupatikana bure katika Indian Kanoon, tovuti iliyoanza mwaka 2008. Mtafutaji alinganishe kwanza maneno ya kifungu cha India na ya kifungu cha Tanzania, kwa sababu namba za vifungu hazilingani kila mara, na neno moja lililoongezwa linaweza kubadili maana yote.

Vyanzo vya bure

Wazo la kuweka sheria mtandaoni bila malipo lilianza katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1992. Australia ilifuata mwaka 1995 kwa kuanzisha AustLII. Mwaka 2002 taasisi za aina hiyo zilitoa Azimio la Montreal, likisema kwamba taarifa za sheria za umma ni urithi wa wanadamu wote na zipatikane bure.

Kwa Tanzania Bara chombo kikuu ni TanzLII, kinachosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Humo mna hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu, zikiwemo za kanda ya Tabora, pamoja na sheria. Zanzibar ina ZanzibarLII, Uganda ina ULII, na Kenya ina Kenya Law, tovuti ya Baraza la Taifa la Ripoti za Sheria lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hukumu za Uingereza, pamoja na za Baraza la Faragha la London lililowahi kusikiliza rufaa kutoka Afrika Mashariki, zipo BAILII. Mradi wa AfricanLII wa Cape Town huunganisha tovuti nyingi za bara hili.

Hukumu nyingi za sasa zina nukuu isiyotegemea kitabu cha mchapishaji yeyote: mwaka katika mabano ya mraba, kifupi cha mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya na UGSC ni ya Uganda. Mwenye nukuu hiyo huifikia hukumu mara moja. Asiye nayo ajaribu majina ya wadaawa pamoja na mwaka.

Mahakama zilizoko Arusha

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huweka hukumu zake katika tovuti yake. Kwa Mtanzania hukumu inayofaa kuanza nayo ni ya tarehe 14 Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ambapo mahakama iliona kwamba kuzuia wagombea binafsi kulivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lakini hapa pana mtego. Tanzania ilitoa mwaka 2010 tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja, ikaliondoa Novemba 2019, na uondoaji huo ukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Anayesoma hukumu za zamani bila kujua hilo anaweza kumpa mfungwa tumaini la njia ambayo kwake imefungwa. Hukumu zenyewe bado zinafaa kunukuliwa katika mahakama za ndani.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2001, ina tovuti yake pia. Kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa mwisho wa mwaka 2015, zimo katika hifadhidata ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake.

Mikataba

Katika mkusanyo wa mikataba wa Umoja wa Mataifa, treaties.un.org, usiishie kwenye matini. Fungua jedwali la nchi wanachama, utazame tarehe ya kuridhia na masharti yaliyowekwa. Kusaini si kuridhia. Hata baada ya kuridhiwa, mkataba kwa kawaida huhitaji sheria ya Bunge ili utumike mahakamani kama sheria ya nchi: Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ikatungwa mwaka 2009. Kwa sheria za kazi za nchi mbalimbali ipo NATLEX ya Shirika la Kazi Duniani. Kwa ardhi, misitu na kilimo ipo FAOLEX.

Kuhakiki

Kasoro inayojitokeza sana ni kutumia sheria iliyokwisha kurekebishwa. Nakala nyingi za PDF zinazozunguka kwenye simu ni za Toleo la 2002, ilhali Toleo la 2023 la sheria za Tanzania lilianza kutumika Julai 2025, na namba za baadhi ya vifungu zimebadilika. Nakala isiyoonyesha toleo wala tarehe isinukuliwe.

Programu za akili mnemba zimeongeza hatari nyingine: hutunga kesi zisizokuwepo, zenye majina na namba za kuaminika kabisa. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za namna hiyo, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca. Kesi ambayo mtafutaji hajaifungua na kuisoma mwenyewe katika tovuti ya mahakama au ya taasisi ya sheria haipaswi kuingia katika hoja za rufaa.

Ripoti za zamani za Afrika Mashariki hazijawekwa zote mtandaoni bure, na baadhi zimo katika hifadhidata za kulipia ambazo vyuo vikuu hujiandikisha. Kwa sheria za Wajerumani za wakati wa ukoloni, gazeti la sheria la Ujerumani ya wakati huo husomwa bure katika ALEX, mkusanyo wa Maktaba ya Taifa ya Austria, kwa Kijerumani tu.