Kima Anayekula Makaa

Je, umewahi kuona mnyama anayeiba makaa? Haibi kwa kupikia. Anayala. Mnyama huyo yuko kisiwani Unguja, katika msitu wa Jozani. Jina lake ni kima punju.

Safari ya Jozani si ngumu. Ukishuka melini mjini Zanzibar, panda gari la abiria linalokwenda kusini kwa njia ya Makunduchi. Msitu uko kilomita 35 hivi kutoka mjini, kando ya barabara. Utaona matuta barabarani. Barabara ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, magari yalikwenda mbio na kima wengi waligongwa. Matuta yakawekwa, na vifo vikapungua.

Mlangoni utalipa kiingilio. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Utapewa mtu wa kukuongoza. Msikilize. Usiwape kima chakula, wala usiwashike. Magonjwa ya watu huweza kuwaingia wanyama hawa.

Mtazame kima punju vizuri. Mgongo wake ni mwekundu, tumbo ni jeupe, na uso ni mweusi. Mkononi hana kidole gumba cha kufaa. Punju maana yake ni sumu kali. Watu wa zamani waliamini kwamba mti anaoula hufa, ndiyo maana wakamwita hivyo. Duniani kote hayuko mahali pengine ila Unguja, pamoja na wachache waliohamishiwa Pemba katika miaka ya 1970. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800.

Sasa tuzungumze habari ya makaa. Tumbo la kima huyu lina vyumba, kama tumbo la ng'ombe. Chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Kima wanaoishi karibu na mashamba hula sana majani ya miembe na mikungu. Majani hayo yana nguvu nyingi ya kujenga mwili, lakini pia yana dawa kali inayozuia chakula kusagika tumboni. Makaa huinyonya dawa hiyo. Kwa hiyo kima huenda kwenye tanuri la makaa, au kwenye kisiki kilichoungua, huchukua kipande na kutafuna. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha!

Lakini mkulima ataniuliza: "Kima hawa hawanili mimi?" Ni swali la haki. Kima punju huingia mashambani na kula vidaka vya minazi. Wakulima walilalamika kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa katika mashamba ya karibu na Jozani. Waliona kwamba mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu ya kima. Wewe mwenye minazi unajua kwamba mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na vingi huanguka vyenyewe. Yawezekana kima hula vile ambavyo vingeanguka.

Hata hivyo, mtu wa maharage au muhogo hawezi kuambiwa maneno hayo ya minazi. Mmea wake ukiliwa umeliwa. Wakulima wa Jozani waliungana wakadai haki yao, na sehemu ya fedha za watalii ikatumika kuwalipa fidia na kusaidia vijiji. Mimi naona ni sawa kabisa. Huwezi kumwambia mtu alinde mnyama ambaye faida yake inakwenda kwa wengine. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa hifadhi ya taifa.

Usiondoke kabla ya kuona mikoko ya Pete, ng'ambo ya barabara. Kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope. Maji yakijaa unapita juu ya maji, yakitoka unaona kaa wakikimbilia mashimoni. Tazama mizizi ilivyosimama kama miguu mingi. Humo samaki wadogo hujificha na kukua. Mikoko ikikatwa kwa ajili ya kuni na makaa, mvuvi ndiye wa kwanza kukosa kitoweo.

Kama una siku nyingine, nenda Kizimbani, katika shamba la viungo la serikali. Utaona mkarafuu, mdalasini, mkungumanga, iliki, na pilipili manga ikipanda juu ya miti hai. Uliza habari za vanila. Mdudu anayechavusha ua lake huko kwao Marekani ya Kati hayuko huku. Mkulima huchavusha kila ua kwa mkono wake, asubuhi, kwa kijiti chembamba, kwa sababu ua hufunguka siku moja tu. Karafuu nazo zina historia yake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi.

Na Pemba nayo ina mambo yake. Kaskazini kuna msitu wa Ngezi, wenye miti mirefu na mpapindi, mnazi wa porini ambao asili yake ni Pemba tu. Halafu kuna Kidike. Hapo ni kijiji tu, lakini juu ya miti wananing'inia popo wakubwa wa Pemba, ambao mabawa yao yakitandazwa hufikia zaidi ya mita moja na nusu. Zamani waliwindwa kwa nyama hata wakakaribia kwisha. Wanavijiji wakaanza kuwalinda, wakaongezeka wakawa maelfu. Popo hawa hula matunda na kuangusha mbegu mbali, na kwa njia hiyo hupanda miti bila malipo.

Mchana utawaona wamelala, wamejifunika mabawa. Jua likizama huamka na kuruka kwenda kula. Fika Kidike alasiri, upate kuona yote mawili.