Toleo au daraja? Neno moja lilivyonigharimu Sh14,000

Neno ‘toleo’ limetulia vizuri katika Kiswahili. Asili yake ni kitenzi ‘toa’, kilichopitia kauli ya kutendea kikawa ‘tolea’, kisha kikapata kiambishi ‘-o’ mwishoni. Gazeti ulilolishika sasa hivi ni toleo la leo. Kitabu cha kiada kikirekebishwa huitwa toleo la pili. Na hapa Voi, mzee wa kanisa akisimama Jumapili kutangaza matoleo, kila mtu huingiza mkono mfukoni. Mimi nami niliingiza mkono mfukoni kwa sababu ya neno hili, ila haikuwa kanisani.

Kompyuta yangu ya nyumbani ni ya mtumba, moja ya zile zinazofika bandarini Mombasa zikiwa zimemaliza kazi katika ofisi za Ulaya. Ilikuwa inaendeshwa na Windows 10. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba ifikapo Oktoba 14, 2025 Windows 10 haingepata tena marekebisho ya usalama ya bure kama kawaida, isipokuwa kwa mpango wa kuongezewa mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Ndani ya mashine hiyo mna sauti za wazee nilizorekodi Wundanyi na Sagalla kwa miaka kadhaa, misemo ya Kidawida na Kisaghalla ambayo wenyewe baadhi yao hawako tena. Sikutaka kubahatisha. Nikashuka mjini hadi duka moja karibu na steji.

“Nataka toleo jipya la Windows,” nikamwambia kijana.

“Sawa mwalimu. Toleo gani sasa? La nyumbani ama la kazi?”

Swali rahisi. Kompyuta iko nyumbani, mezani, kando ya dirisha. “La nyumbani,” nikajibu.

Siku mbili baadaye kibahasha kikawasili kutoka Mombasa, ndani yake kadi yenye herufi na tarakimu 25, zimepangwa tano tano. Nikalipa Sh14,000. Nilipofika nyumbani na kuziingiza, kompyuta ikazikataa. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa. Nikarudi dukani.

“Mwalimu, si wewe ulisema ya nyumbani? Hii ndiyo ya nyumbani.” Alikuwa na haki. Kadi ilikuwa imekwanguliwa, kwa hiyo pesa hazirudi. Kisha akanipa ushauri: “Lakini haina shida. Wacha tuiformat, tuweke hiyo Home fresh. Dakika arobaini tu.”

Niseme jambo hapa juu ya kitenzi hicho, ‘kuformat’. Kinasikika kama kupanga upya, kama vile mtu anavyopanga vyombo kabatini. Maana yake ni kufuta kila kitu. Angeniambia kwa Kiswahili, “Wacha tufute vyote vilivyomo tuanze upya,” ningeruka. Kwa kuwa alisema ‘tuiformat’, nilikaribia kabisa kukubali. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimeibeba mashine yenyewe.

Jioni hiyo nilimpigia mpwa wangu anayesomea mambo ya kompyuta. Akaniambia nifungue mipangilio, niende kwenye ‘System’, kisha ‘About’, nimsomee. Nikamsomea. Mstari mmoja ulisema ‘Edition: Windows 10 Pro’. Mstari wa chini yake ulisema ‘Version: 22H2’.

“Mjomba, basi umenunua ya Home na yako ni Pro. Na hata hukuhitaji kununua chochote.”

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilikuwa la lugha. Waingereza wana maneno mawili katika mistari ile miwili. Sisi wote wawili, mimi na yule kijana wa duka, tulikuwa na moja. Nilipotamka ‘toleo jipya’ nilikuwa nawaza kutoka 10 kwenda 11, yaani mfuatano wa wakati: Windows 10 ilitoka mwaka 2015, Windows 11 ikatoka Oktoba 2021, na ya baadaye hurithi ya awali. Aliponiuliza ‘toleo gani’ yeye alikuwa anawaza Home au Pro, ambazo hazifuatani kwa wakati hata kidogo. Hizo hutoka pamoja, kwa jina lile lile, zikitofautiana kwa yale zinayoruhusu na kwa bei. Home imekusudiwa mtu binafsi. Pro ina mambo ya ziada yanayotakiwa na ofisi. Kompyuta inaweza kukaa nyumbani miaka kumi ikiwa na Pro, hasa ikiwa ni mtumba uliotoka ofisini kama wangu. Neno ‘nyumbani’ nalo likatupoteza mara ya pili: mimi nilitaja mahali, yeye akasikia jina la bidhaa.

Na kama hilo halitoshi, ile ‘22H2’ ni toleo la tatu. Ni sasisho lililotoka ndani ya Windows 10 yenyewe, nusu ya pili ya mwaka 2022. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Kwa nini hili halitusumbui katika vitabu? Kwa sababu wachapishaji walishatenganisha. Wana ‘toleo’ kwa kitabu kilichobadilishwa, na ‘chapa’ kwa kitabu kile kile kilichopigwa tena mtamboni bila mabadiliko. Mwanafunzi akiulizwa ana toleo gani, hajibu kwa kutaja jalada gumu au jepesi.

Pendekezo langu ni kwamba tuache ‘toleo’ libaki na maana ya mfuatano, na hizo Home na Pro tuziite madaraja. Si neno la kubuni. Kila mwenye leseni ya kuendesha gari nchini Kenya analijua: daraja A ni la pikipiki, B la gari dogo, D la magari ya abiria. Mwenye B hawezi kuingia stejini Voi akashika usukani wa matatu ya kwenda Taveta, hata awe dereva hodari namna gani. Leseni yake ni halali, ila si ya daraja hilo. Kadi yangu ya Sh14,000 ilikuwa halali vivyo hivyo.

Nimefikiria ‘aina’, lakini ni pana mno. Hata Windows na Ubuntu ni aina. Nimefikiria ‘ngazi’, nalo si baya. ‘Daraja’ linashinda kwa sababu linakuja na kitenzi chake. Walimu tunajua kupandishwa daraja, au angalau tunajua kukusubiri. Mtu akitoka Home kwenda Pro anapandisha daraja: huingiza namba za Pro, kompyuta ikabadilika bila kupoteza faili. Akitaka kutoka Pro kwenda Home anashusha daraja, na kushuka huku hakuna njia ya mkato. Mfumo huwekwa upya kabisa. Ndiyo maana yule kijana alitaka kufuta. Kitaalamu alisema kweli. Ila mtu anayetoka Windows 10 kwenda 11 hapandi daraja lolote. Anahama toleo, na daraja lake linabaki lile lile. Akijuta, ana siku 10 za kurudi toleo la awali bila kupoteza vitu vyake.

Neno jingine lililonipotosha ni ‘ufunguo’. Ndivyo tunavyoziita zile namba 25, na ni tafsiri ya moja kwa moja. Lakini ufunguo kwetu sisi, kutoka ‘fungua’, ni kitu ambacho yeyote akikishika mlango unafunguka. Hauulizi wewe ni nani wala nyumba ni ya nani. Zile namba hazifungui kitu. Zinathibitisha kwamba kuna ruhusa fulani ilitolewa, kwa daraja fulani, kwa masharti fulani. Afadhali ‘namba ya leseni’.

Ukishasema leseni, mambo mengi hunyooka yenyewe. Leseni ya udereva humfuata mtu. Ukiuza gari unabaki nayo. Leseni ya biashara ya kaunti hubaki na duka lililotajwa ndani yake. Leseni za Windows nazo ziko hivyo. Ile inayonunuliwa peke yake dukani waweza kuihamisha kwenda kompyuta nyingine, mradi uiondoe kwenye ya kwanza. Ile iliyokuja na mashine kutoka kiwandani hubaki na mashine hiyo, na mashine ikifa nayo imekwisha. Tena tangu Windows 10, leseni nyingi hazina namba ya kuandika popote: kampuni huitambua kompyuta yenyewe kupitia intaneti. Yangu ilikuwa ya namna hiyo, na ilikuwa inatosha kwa toleo la 11 daraja la Pro bila senti moja, maadamu mashine ilitimiza masharti. Mtu anayewaza ‘ufunguo’ hawezi kuamini hilo. Nyumba mpya, ufunguo mpya, ndivyo nilivyofikiri.

Leseni bila ufunguo si ajabu hata nje ya Microsoft. Ubuntu, ambayo hutolewa bure, ina leseni zake zilizoandikwa, na haina namba yoyote ya kuingiza. Matoleo yake nayo yametajwa kwa uwazi ambao natamani wengine wangeuiga: 24.04 ni toleo la Aprili 2024, basi.

Wasomaji wa fasihi watafurahia hili pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, kundi moja na riwaya na tamthilia. Tofauti ni kwamba riwaya ukiinunua, nakala ile ni yako, waweza kumpa rafiki asome. Programu hizi haziuzwi hivyo. Masharti yake husema wazi kwamba unapewa leseni ya kuitumia, hununui programu yenyewe. Kitenzi ‘nunua’ nacho, kwa hiyo, kinatudanganya kidogo, ingawa sitarajii mtu yeyote aingie dukani aseme, “Naomba kupewa idhini.”

Kuna atakayesema mafundi wa mjini hawasomi ukumbi huu, na kwamba wataendelea kusema Home, Pro na ‘veshoni’. Na waseme. Yule kijana angeniuliza “Home ama Pro?” ningekuwa na Sh14,000 zangu, kwa kuwa ningemwambia sijui na tungeangalia. Alijaribu kunitafsiria kwa heshima, na Kiswahili tulichompa hakikuwa na neno la kutosha. Kazi hiyo ni yetu, si yake.

Nilinakili sauti za wazee kwenye diski ya nje kwanza, kisha nikahama toleo usiku kucha, kwa kuwa faili ni kubwa na intaneti ya mtaani kwetu hulegea mchana. Asubuhi mstari wa daraja ulisema ‘Windows 11 Pro’. Kadi ya Home ilikaa kwenye droo wiki tatu. Kisha nikamwuliza jirani anayeuza mitumba kompyuta yake ni daraja gani. Hakunielewa, tukaangalia pamoja: Home, na haikuwa na leseni. Zile namba zilikubaliwa mara ya kwanza. Ananilipa Sh8,000, kwa mafungu.