Tezi Zikivimba Baada ya Kupandikizwa Figo

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapita hapa Ipogolo. Katika mabasi yake wamo wagonjwa waendao hospitali kubwa. Wengine figo zao zimekufa. Zamani walikwenda India kupandikizwa figo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kazi hiyo. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Aliyepandikizwa figo hunywa dawa kila siku. Kwa nini? Mwili una askari wake. Wakiona figo ngeni huishambulia. Dawa huwatuliza. Lakini askari wakisinzia, adui hupata nafasi. Kuna kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Karibu watu wazima wote tunacho, kimelala tu. Kinga ikipungua sana, huamka na kuzifanya chembe nyeupe za damu zizaane ovyo. Hiyo ndiyo saratani ya tezi, yaani limfoma. Hawaipati wengi, lakini ni ya hatari.

Dalili zake ni zipi? Ni homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda, na tezi kuvimba shingoni, kwapani au kinenani. Kifua kikuu nacho huleta dalili hizo hizo. Basi macho peke yake hayatoshi. Lazima kupima.

Kwanza ni altrasaundi. Daktari hupitisha kifaa juu ya ngozi, akaiona figo mpya na tezi za tumboni. Hakiumi wala hakina mionzi.

Pili ni siti-skani. Mashine hii hutumia mionzi. Hupiga picha nyingi za mwili, kama mkate uliokatwa vipande. Huonyesha uvimbe uko wapi na umeenea kiasi gani. Mara nyingine mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha. Dawa hiyo yaweza kuisumbua figo. Kwa hiyo sema mapema: "Daktari, mimi nimepandikizwa figo."

Hata hivyo, picha huonyesha uvimbe tu, haitaji jina lake. Lazima kipande cha tezi kikatwe na kupimwa kwa darubini.

Mara nyingi tiba huanza kwa daktari kupunguza zile dawa za kutuliza kinga, ili askari waamke. Lakini angalia sana! Usizipunguze mwenyewe nyumbani. Figo uliyopewa na ndugu yako itakufa.

Ukiona tezi imevimba, usingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini aliyepandikizwa figo hunywa dawa kila siku?
2. Kwa nini picha peke yake haitoshi?