Jina Lako Limo Kwenye Daftari la Nesi?

Leo tuzungumze kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa hawa hawa wanaolinda mbuzi na kutusindikiza shule. Tuseme unarudi nyumbani jioni hapa Karatu, mbwa usiyemfahamu anakurukia na kukung'ata mguuni. Jeraha dogo tu. Utafanyaje? Wengi hunyamaza, maana wanaogopa kugombezwa, au nauli ya kwenda hospitali haipo.

Hapo ndipo kwenye hatari. Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikishaingia kwenye jeraha, vinafuata mishipa ya fahamu, polepole, kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 1 hadi 3, pengine zaidi au pungufu. Muda wote huo wewe mzima kabisa, unacheza mpira. Dalili zikishaanza, kama vile kuhangaika, kushindwa kumeza na kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufa, awe Karatu au London. Lakini ukichanjwa mapema, mwili unajenga kinga kabla virusi havijafika kwenye ubongo. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipoijaribu chanjo yake kwa mtoto wa miaka 9 kule Ufaransa, na mtoto hakuugua.

Watafiti walianzia wapi?

Kuanzia mwaka 2002 ugonjwa huu ulifuatiliwa kwa karibu katika wilaya za Ngorongoro na Serengeti. Miongoni mwa watafiti walikuwemo Katie Hampson na Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania. Usidhani walianza na darubini. Walianza na daftari, lile la hospitali linaloonyesha nani kaumwa na mnyama, pamoja na taarifa za maofisa mifugo. Kisha wakatembea nyumba kwa nyumba, boma kwa boma, wakiuliza: mbwa alikuwa wa nani? Alitokea wapi? Alimuuma nani mwingine?

Huko wakawakuta watu ambao daftari haliwajui. Waliumwa na mbwa mwenye kichaa, lakini hawakufika hospitali. Wengine walifika wakakuta chanjo hakuna, au bei ikawashinda. Mimi hapa ndipo paliponigusa. Ukihesabu kwa daftari peke yake, maskini na wanaokaa mbali hawamo. Basi anayepanga mgao wa dawa ataona tatizo ni dogo, na chanjo zitaletwa chache.

Na fisi je? Ngorongoro watu wanaishi na wanyamapori, kwa hiyo swali hili halikosekani. Fisi na bweha wanaweza kuugua, lakini utafiti ulionyesha kwamba wanaoendeleza ugonjwa huko ni mbwa wetu wa nyumbani. Tena kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa wengine wachache mno, zaidi kidogo tu ya mmoja. Mlolongo wa namna hiyo unakatika, mradi asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, wanaowavuta mbwa kwa kamba ni ninyi vijana, siyo wazee!

Umeumwa? Fanya hivi

Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa shangazi. Nesi atakuuliza maswali mengi. Siyo umbeya, ni kazi yake. Kama chanjo haipo, uliza iko hospitali gani, na usiondoke kabla hujaandikwa. Ukishaanza sindano, rudi kila tarehe uliyopangiwa.

Mbwa akiwa hai na mwenyewe anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kukusimamishia sindano zilizobaki. Ila siku hizo 10 usizisubiri ukiwa umekaa nyumbani bila sindano ya kwanza.