Themostati Zinazotupwa Karatu

Swali ni lile lile kila msimu wa watalii, kwenye gereji zilizopangana kando ya barabara kuu ya Karatu: "Fundi, themostati nimeshaitoa, mbona gari bado linachemsha?" Anayeuliza ametoka Arusha asubuhi na ana wageni sita wanaotarajia kushuka kreta ya Ngorongoro kesho alfajiri. Swali hili limesimama kichwa chini. Mara nyingi gari linachemsha kwa sababu themostati imetolewa. Na kama si hivyo, lina ugonjwa mwingine ambao kuitoa hakujautibu, kumeuficha tu.

Gari la safari ni nyumba ya watu. Kwa siku nne au tano Land Cruiser yenye paa la kuinuka hubeba wageni, dereva, pengine na mpishi, pamoja na mabegi, mahema, maboksi ya chakula, tairi mbili za akiba na dumu la maji. Mto wa Mbu watu hununua ndizi nyekundu na kunyoosha miguu. Karatu hujazwa mafuta, huzibwa pancha, hukazwa bolti za springi zilizolegezwa na rafu ya barabarani, na usiku dereva hulala chini ya gari na tochi akitazama bushi moja moja. Vituo hivi kwa dereva ni kama bandari kwa jahazi: nahodha hatweki tanga huku kalafati ya ubavuni imelegea, kwa sababu anajua bahari kuu hakuna fundi. Baada ya Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, nako ni bahari kuu.

Imani inayofanya themostati zitupwe inasema hivi: themostati ni kifaa cha nchi za baridi, Afrika ni joto, kwa hiyo itupwe ili maji yapite bila kizuizi. Imani hii ina makosa mawili, na la kwanza linaonekana kwa macho. Ukingo wa kreta uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai dereva huwasha gari pale akiwa na koti zito na kofia ya sufu, ukungu umetanda hadi haoni alama ya barabara. Hiyo ndiyo nchi ya joto anayoambiwa.

Kosa la pili ndilo linaloua injini, Ngorongoro na Tanga sawasawa. Themostati si mlango wa kuzuia maji tu. Katika injini nyingi za Toyota ina kazi mbili kwa wakati mmoja: nta iliyomo ndani yake ikiyeyuka, sahani moja hufungua njia ya rejeta, na nyingine huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi saa zote. Maji mengine yanakwenda kupozwa, na mengine yanazunguka tu ndani, yakiwa ya moto, yakizidi kuwa ya moto. Dereva amefungua mlango mmoja na kusahau kwamba ameng'oa kizibo cha mwingine. Hili si jambo la kubishania gereji. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vyenyewe, kwa injini nyingi, vinaonya kwamba themostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa kuitoa hupunguza uwezo wa kupoza.

Barabara ya kreta inalipima kosa hili vizuri kuliko maabara yoyote. Asubuhi gari linashuka kwa barabara ya Seneto, zaidi ya mita 500 kwenda chini, gia ndogo, mguu haupo kwenye mafuta, hewa baridi ikipiga rejeta. Bila themostati mshale wa joto unalala chini kabisa na dereva anafurahi. Hana sababu ya kufurahi. Injini ya dizeli ikiwa baridi haichomi mafuta yote. Yanayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hushuka na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji. Ringi zinalika, moshi unaanza, matumizi ya mafuta yanapanda. Mwenye gari analaumu dizeli ya kituo fulani. Alasiri, baada ya saa nyingi za kutambaa kati ya msitu wa Lerai na Ngoitokitok, gari lile lile linapanda ukuta wa kreta likiwa limejaa watu, mwendo wa taratibu, upepo wote ukitoka kwenye feni peke yake. Hapo njia ya mkato iliyoachwa wazi inadai haki yake.

Mwinuko nao una deni lake. Wapishi wa kambi ya Simba, pale ukingoni, wanajua kwamba maharage huchelewa kuiva huko, kwa sababu kila mita 300 za kupanda hupunguza joto la maji kuchemka kwa karibu digrii moja. Karatu, penye mita kama 1,500, maji huchemka kwenye digrii 95. Ukingoni ni 92 hivi. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao hushikilia mgandamizo na kuyapandisha maji hadi juu ya digrii 110 kabla hayajachemka. Mfuniko wenye mpira uliochoka, spea ya bei ndogo kuliko zote, unaifanya rejeta kuwa sufuria ya wazi. Magari mengi yaliyonyang'anywa themostati yalihitaji mfuniko.

Imani hii ilianza na ukweli mdogo. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha gari kweli, na dereva aliyekwama porini akiitoa hufika nyumbani. Hiyo ni dharura. Dharura ikageuzwa desturi, na sasa zinatolewa zilizo nzima.

Kuipima hakuhitaji mashine. Inafungwa uzi, inaning'inizwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa bila kugusa chuma, na kipimajoto kando yake. Namba iliyopigwa kwenye chuma, tuseme 82, ni digrii ambayo themostati huanza kufunguka. Nta inasukuma pini taratibu, sahani inaachana na ukingo wake, unaonekana ufa, kisha pengo la milimita kadhaa. Fundi wa Karatu akumbuke jambo moja: zipo themostati zinazofunguka kikamilifu kwenye digrii 95, na pale mjini maji hayapandi zaidi ya hapo. Isiyofunguka hadi mwisho kwenye sufuria isihukumiwe upesi. Isiyofunguka kabisa ndiyo mbovu, na dawa yake ni mpya yenye namba ile ile, ikifungwa na ile pini ndogo inayocheza ikiwa juu ili hewa itoke.

Gari likichemsha, yafuatayo yaangaliwe kwa mpangilio, na yote yanawezekana Karatu kwa jioni moja. Mfuniko. Mapezi ya rejeta, ambayo huzibwa na mbegu za nyasi na vumbi la magadi: yasafishwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini. Mkanda wa feni na klachi yake. Hozi. Pampu ya maji. Maji yenyewe: kulanti iliyochanganywa vizuri, si maji ya kisima yenye chumvi yanayojenga ukoko ndani. Mapovu kwenye rejeta wakati injini inanguruma ni gasketi ya silinda hedi, na gari hilo lisishuke kreta. Likichemsha kwenye mpando wa Lerai: litolewe njiani, hita iwashwe hadi mwisho, injini iachwe ikinguruma polepole kama maji bado yamo, wageni wabaki ndani kwa sababu ya wanyama, mfuniko usiguswe kwa nusu saa, na maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, kwani hupasua silinda hedi. Mayai, bizari na sabuni visiwekwe kwenye rejeta kamwe. Vinaziba tundu moja na mirija kumi.

Dereva mwenye themostati iliyofungiwa kwenye droo ya gereji aichukue, aipime, na kama ni nzima airudishe mahali pake kabla ya kuvuka Lodoare.